Magoti ya Mzee Marete

Magoti ya Mzee Naftaly Marete yalikuwa na sifa mbaya pale Mitunguu. Yalijua kalenda kumshinda karani wa chifu. Siku ya kupalilia hayakuuma. Siku ya kukata ndizi za sokoni hayakuuma. Siku wazee wenzake wa Njuri, baraza la wazee wa Kimeru, walipomwita kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, mzee alichukua fimbo yake akatangulia njiani, wenzake wakimfuata wakihema. Lakini binti yake alipomwomba aje amwone kazini, hata mara moja, magoti yaliuma hivi kwamba mkewe, Ednah, alilazimika kumpashia maji ya kuyakanda. Na magoti yakipona ghafla, kulikuwa na zamu ya maji. Maji ya mradi hufika shambani kwao Jumanne na Ijumaa. Usipofungua koki yako siku hiyo, ndizi zinangoja na wewe unangoja. Hakuna mtu Mitunguu anayebishana na zamu ya maji, na mzee alilijua hilo vizuri.

Binti mwenyewe anaitwa Kathure. Leo ni Jaji wa Mahakama Kuu, anahudumu Embu, ana miaka hamsini na mmoja na miwani anayoisahau kila mahali. Kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alipewa jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hivyo mzee hajawahi kumwita Kathure. Humwita Mama. "Mama, niletee maji ya kunawa." "Mama, umekonda, huko hawakupi chakula?" Watu wanaomwita Mheshimiwa wiki nzima wangemwona Jumamosi akimshikia baba yake jagi na beseni wasingeamini ndiye yuleyule.

Ukiondoa mambo ambayo kila mtu huyataka, Kathure alitaka kitu kimoja maishani. Baba yake akae kwenye benchi la nyuma kortini amwone akisikiliza kesi. Siku moja tu. Hata nusu siku. Usimcheke. Mtu anaweza kuwa na joho jekundu na gari la serikali, na bado roho yake imebaki palepale ilipokuwa alipokuwa na miaka tisa.

Alipokuwa na miaka tisa, roho hiyo ilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Wazee walikuwa wakija uani kwao kuamua kesi za mipaka na za ng'ombe walioingia mashamba ya watu. Kathure alitumwa kupeleka uji, akaambiwa aweke akaende zake, maana mashauri ya wazee si ya wasichana. Aliweka. Hakwenda zake. Alizunguka ghala akachuchumaa nyuma yake, panya wakimpita miguuni, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuona kitu. Aliwajua wazee kwa sauti na kwa kikohozi.

Na alijifunza kwamba baba yake alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake. Wazee wakishakubaliana, mbuzi akiwa tayari na kila mtu amechoka, Marete alimgeukia yule anayeshindwa akamuuliza: "Kuna neno ulilotaka kusema na hukusema?" Wenzake waliguna. La nini, na shauri limekwisha? Yeye aliwanyamazisha kwa mkono akangoja. Siku moja aliulizwa jirani yao Gikunda, ambaye alikuwa anapoteza kipande cha shamba, na haki yenyewe ilikuwa wazi kwamba si chake. Gikunda alikohoa, akakohoa tena. Mwisho akasema, "Mama yangu amezikwa pale." Hakusema lingine. Wazee hawakumrudishia shamba, lakini walimwachia njia ya kwenda kaburini, na njia hiyo ipo mpaka leo, imepita katikati ya migomba ya mtu mwingine. Kathure alitoka nyuma ya ghala siku ile akijua atakachofanya akiwa mkubwa. Hakumwambia mtu, maana angeulizwa amejuaje.

Basi akasoma. Akasomea sheria Nairobi, akafanya kazi miaka miwili kwa wakili mmoja mjini Meru akiandika mikataba ya mashamba, kisha akaajiriwa hakimu. Hakimu ni mtu wa kuhamahama. Walimpeleka Kapenguria. Walimpeleka Voi, walimpeleka Kilgoris, walimrudisha, wakampeleka tena. Kila kituo kipya aliandika au kupiga simu nyumbani: "Baba, njoo unione." Kapenguria ni mbali, hakuna aliyemlaumu mzee. Voi alikwenda Ednah peke yake na kikapu cha viazi vikuu, akarudi akisifu jinsi mwanawe alivyomkaripia wakili mwenye tumbo kubwa mpaka wakili akatafuta kalamu chini ya meza. Mzee alisikiliza sifa zote, akataka zirudiwe, akauliza wakili alikuwa na tumbo kiasi gani. Lakini yeye kwenda? Magoti.

Halafu akahamishiwa Maua. Maua ni nyumbani, hata kama Wameru wa Igembe na wa Imenti hutaniana kwamba si watu wamoja. Hapo hapakuwa na kisingizio cha umbali. Kathure alimpigia baba yake Ijumaa, mzee akasema Jumatatu atakuja, na akasema kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Jumatatu ile hakimu alisikiliza kesi kumi na moja. Mlango wa korti ulikuwa na bawaba kavu, na kila ulipolia aliinua macho. Aliingia polisi. Aliingia mwanamke na mtoto mgongoni. Wakaingia vijana wawili wa miraa waliogombania pikapu. Saa saba mchana alifunga faili akakaa peke yake chemba, ofisi yake nyuma ya korti, chai ikapoa mbele yake.

Jioni alipiga simu. Hakusalimia vizuri.

"Baba, si ulisema unakuja?"

"Nilisema." Kisha, kwa mara ya kwanza, hakutaja magoti wala maji. "Mama, hebu niambie. Wewe ukiingia kortini, watu wanafanya nini?"

"Wanasimama."

"Wote?"

"Wote, Baba."

"Na mimi?"

Kathure alihamishia simu sikio la pili.

"Mimi nimekaa Njuri miaka thelathini," mzee akasema. "Sijawahi kumwinukia mtoto wangu. Mzee hamwinukii mtoto. Nikikuinukia leo mbele ya watu, kesho nikikukanya utanisikia?"

"Basi uje nikiwa nimeshakaa. Utaingia tu."

"Na mtu akiingia akakukuta umekaa, anafanya nini?"

Kathure alifikiria kudanganya, lakini hiyo haikuwa kazi yake. "Anainamisha kichwa kidogo. Si kwangu, Baba. Ni kwa korti. Kwa ile nembo ya serikali iko ukutani nyuma yangu."

"Hiyo nembo ina macho?"

"Haina."

"Lakini wewe unayo."

"Si unaniita Mama kila siku?" Kathure alisema, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Mtu hawezi kumwinukia mama yake?"

"Mama yangu alikuwa mpole," mzee akasema. "Hakuwahi kufunga mtu miaka saba." Akacheka, akamwambia ale chakula alale, akakata simu. Na tangu siku hiyo jambo hilo halikuzungumzwa tena. Walirudi kwenye magoti na maji, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa watu wanaopendana kudanganyana wakijuana.

Kuwa jaji ni jambo jingine, na halikumjia Kathure mara ya kwanza wala ya pili. Unaandika barua ya maombi. Jina lako linatolewa gazetini, nchi nzima inaambiwa yeyote aliye na neno juu yako alete. Kisha unakaa mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, watu wenye miwani upande mmoja wa meza na wewe upande wa pili, na runinga inaonyesha yote, hata unavyomeza mate. Kathure alikuwa amerithi ile tabia ya baba yake. Kabla ya kusoma hukumu, alimgeukia anayeshindwa akamuuliza kama kuna neno lililobaki. Mawakili walimlalamikia kwamba anapoteza wakati, na mmoja akaipelekea Tume malalamiko hayo. Mara ya kwanza aliulizwa: hukumu ikishaandikwa, neno la nini tena? Limeandikwa sheria gani? Kathure alitaja kifungu, akataja kingine, akachanganya vyote viwili. Hakuchaguliwa. Mara ya pili aliulizwa swali lilelile na akalikwepa vizuri zaidi. Hakuchaguliwa vilevile. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyesema hivyo hajawahi kurudi kazini Jumatatu baada ya nchi nzima kumwona akishindwa, makarani wakimwamkia kwa upole wa matanga.

Mara ya tatu alikuwa amechoka kukwepa. Swali lilipokuja alivua miwani akaiweka mezani.

"Sikuitoa tabia hii kwenye sheria," alisema. "Niliitoa nyuma ya ghala la mahindi, Mitunguu. Baba yangu alikuwa akimuuliza hivyo mtu anayeshindwa. Neno lake halibadilishi hukumu. Lakini mtu anaenda nyumbani akijua amesikilizwa, na kesho ataishi na jirani yake."

Mmoja wa makamishna alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaandika kitu.

Siku hiyo Mitunguu ilijaa katika hoteli ya Mukiri, ambaye ndiye mwenye runinga kubwa kushinda zote sokoni. Watu walisimama mpaka jikoni. Kathure alipotaja ghala la mahindi walipiga kelele, chai ikamwagika, Mukiri akawatishia kuizima. Mzee Marete hakuwepo. Kathure alipompigia jioni kumuuliza kama ameona, alisema, "Stima ilipotea." Stima haikupotea Mitunguu siku ile hata dakika moja. Na Mukiri aliwaambia watu baadaye kwamba kulikuwa na kofia ya kahawia ikipita nje ya dirisha la jikoni, inapita na kurudi, inapita na kurudi. Lakini Mukiri huongeza chumvi, kwa hivyo Kathure hakulishika neno hilo.

Alichaguliwa. Siku ya kuapishwa Ikulu ilikuwa Jumanne, na mnajua Jumanne ni nini. Ednah alivaa gauni jipya la kijani na viatu vilivyombana, wadogo zake Kathure wa kiume wakavaa tai. Kathure alishika Biblia akainua mkono, akaapa maneno yote bila kukosea. Lakini macho yake yalikuwa yanatafuta kofia ya kahawia kati ya wageni, ingawa alijua haipo, ingawa hata angekuja, mlangoni angeambiwa aivue. Alitamani. Nimetafuta neno jingine la kusema hapa na sikulipata. Mwanamke mzima mwenye joho jekundu, aliyepata alichokihangaikia miaka kumi, alisimama mbele ya wakubwa wote wa nchi akitamani mtu mmoja aliyekuwa wakati huo amekunja suruali, anafungua koki Mitunguu.

Barua ya kituo ilipokuja ilisema Embu. Kathure aliisoma mara mbili. Kutoka Embu hadi Mitunguu, kupitia Chuka na Nkubu, gari halichukui saa mbili. Tangu atoke Maua nchi ilimtupa pembeni, sasa imemrudisha mlangoni pa kwao, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu sasa kilichobaki kati yao hakikuwa barabara. Kila Jumamosi alikwenda nyumbani. Alimkuta baba yake amepungua kidogo kuliko Jumamosi iliyopita. Kofia ilianza kumpwaya. Mzee alikuwa na miaka themanini na tatu, na miaka themanini na tatu haina rufaa. Jaji alikuwa akirudi Embu jioni ileile, mikono kwenye usukani, akijiambia: asipokuja mwaka huu, hatakuja.

Hakumwomba tena. Alijua jibu.

Mwezi wa sita alikuwa na hukumu ya mirathi. Mtu mmoja wa Mbeere, Runji, alikuwa amelishika shamba lote la marehemu baba yao, dada zake watatu wakabaki wakiomba pa kupanda hata kunde. Kesi ilikuwa imezunguka miaka tisa. Siku ya hukumu korti ilijaa. Karani wake, Rwamba, aliita "Simameni!" kwa ile sauti yake inayofika mpaka barabarani, watu wakasimama, jaji akaingia, wakakaa. Kulikuwa na joto, madirisha yote yako wazi. Kathure alifungua faili, kisha akaifunga, akamtazama Runji.

"Bwana Runji. Kabla sijasoma. Kuna neno ulilotaka kusema na hukusema?"

Runji alikuwa mtu mkali, miaka tisa hajakubali lolote. Alisimama, akashika ubao wa mbele yake. "Nililea hao wasichana," alisema. "Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliacha shule. Hakuna mtu amesema hiyo maneno hapa. Miaka tisa, hakuna."

"Nimeyasikia," jaji akasema. "Na nitayaandika." Akayaandika mbele yake, mstari mmoja kwa mkono wake, kisha akasoma hukumu. Shamba liligawanywa sawa kwa wote wanne. Runji alitoka, na uani, watu walisema, dada yake mdogo alimshika mkono na hakuutoa.

Siku mbili baadaye Kathure alikuwa akipita nje ya korti kwenda kwenye gari akaona maua yaliyopandwa chini ya dirisha yamekanyagwa. Yalikuwa maua mapya, mtunza bustani alikuwa ameyalea kama watoto wake. Wambeti, mama anayefagia veranda na kumletea jaji chai chemba, alikuwa hapo na ufagio.

"Wambeti, ng'ombe wameingia huku?"

"Si ng'ombe, Mheshimiwa. Ni mzee mmoja alisimama hapo Jumanne, ile siku ya hukumu. Ningemfukuza lakini nilimwonea huruma. Alisimama masaa mbili."

"Masaa mawili? Mbona hakuingia?"

"Nilimwambia, mzee, ingia ndani, kuna benchi. Akakataa. Nikamletea kiti cha plastiki. Akakataa pia. Nikamuuliza, wewe magoti haziumi? Akasema zinauma sana." Wambeti akacheka, akaegemea ufagio. "Sasa nikamwambia keti basi. Akaniambia, 'Huyu anasikiliza kesi. Nitaketi vipi?' Na wakati Rwamba aliita watu wasimame, mzee alikuwa amesimama tayari, lakini alivua kofia. Akaishika hapa kwa kifua."

Kathure alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Halafu wewe ukauliza yule Runji lile swali lako," Wambeti akaendelea. "Mzee akasema peke yake, hivi, polepole: 'Hiyo ni yangu.' Mimi sikuelewa. Nikasema labda ni kichwa, wazee wengine kichwa huwa imechoka. Lakini alikuwa mzuri. Alitoa ndizi mbili kwa koti akanipa. Tamu sana, si hizi za soko."

"Kofia ilikuwa ya rangi gani?"

"Kahawia. Inampwaya."

Kathure aliingia garini. Dereva alimuuliza mara mbili waende wapi.

Jumamosi alifika nyumbani mapema kuliko kawaida. Kwanza alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi za kuponda mukimo.

"Mama, Jumanne hii Baba alikuwa wapi?"

"Kliniki, Nkubu. Magoti." Ednah hakuinua macho. "Alivaa koti, akaondoka mapema sana. Mimi niliogopa, kwa sababu zamu yake ya maji alimwachia Gikunda. Tangu tuoane huyu mtu hajawahi kumwachia mtu maji. Hata siku ya kukuzaa wewe alifungua koki kwanza."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi kando ya nyumba, kofia kichwani, akichonga mpini wa jembe. Kathure alileta kigoda akakaa mbele yake, chini kidogo kuliko yeye, kama inavyopasa. Alimsalimia. Akamuuliza habari za ndizi. Kisha akamuuliza, kwa sauti ambayo mawakili wa Embu wanaijua na wanaiogopa:

"Baba, Jumanne ulienda wapi?"

"Kliniki."

"Walikupa dawa gani?"

"Walisema nipumzike."

"Hukufika Embu?"

"Embu?" Mzee aliendelea kuchonga. "Embu nikafanye nini? Ni mbali. Tena mji wenyewe siku hizi wamepanda maua kila mahali, mtu hana pa kukanyaga."

Hayo maua hakuna aliyekuwa ameyataja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na huyu hakuwa amefika hata kona ya kwanza. Kwa miaka ishirini na minne Kathure amesikiliza waongo wa kila aina, waongo wanaolia na waongo walioshika Biblia, na hakuwahi kumwachia hata mmoja. Huyu alikuwa mikononi mwake. Kulikuwa na Wambeti, kulikuwa na Gikunda na maji yake, kulikuwa na ndizi mbili. Swali moja tu lilibaki. Angesema, "Baba, nani kakwambia kuna maua?" na mzee angekosa pa kutokea, na Kathure angepata alichokitaka maisha yake yote, kusikia kwa kinywa cha baba yake kwamba alikuja, alimwona, alisimama kwa ajili yake. Alilitaka neno hilo.

Aliutazama mkono wa baba yake juu ya mpini. Ulikuwa umeacha kuchonga. Ulikuwa unangoja.

"Baba," akasema, "kuna neno ulilotaka kusema na hukusema?"

Mzee aliinua macho. Alimtazama muda mrefu, kisha akatazama migomba, kisha akatazama upande wa nyuma ya nyumba, palipokuwa na lile ghala la zamani kabla halijabomolewa.

"Hakuna," alisema.

"Haya, Baba." Na jaji akaliacha hapo. Hakuliandika popote.

Walikula. Walizungumza juu ya bei ya mbolea na juu ya mchungaji mpya anayehubiri kwa haraka. Jioni ilipokaribia Kathure alisema anataka kuingia barabarani kabla ya giza. Alimuaga mama yake jikoni, akarudi kando ya nyumba kuchukua mkoba wake. Kila Jumamosi mzee humuaga akiwa amekaa, anampa mkono, anamwambia, "Endesha polepole, Mama."

Kathure aliposhika mkoba akanyooka, mzee aliweka mpini chini. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine. Alianza kuinuka, akashindwa nusu ya njia, akapumua, akaendelea. Kathure alijua asimshike. Mzee alisimama wima mbele yake, akavua kofia kana kwamba anajifuta jasho, ingawa jua lilikuwa limekwisha, akaishika kifuani.

"Wacha nikaangalie maji," alisema.

Ilikuwa Jumamosi.